Mafuta ya Mimea na Dawa za Hospitali Dhidi ya Viini Sugu

Yafuatayo ni maandishi kamili ya mazungumzo ya afya kwa wakazi wa Kibera na Kawangware. Yamechapishwa hapa ili wale ambao hawakufika barazani wayasome, na waliofika wayapitie tena wakiwa na familia zao.



Chukueni mfano huu. Ni saa tano usiku katika chumba cha mabati kule Gatwekera, au Gatina upande wa Kawangware. Mtoto wa miaka sita ana homa kwa siku ya nne. Juzi mama yake alinunua kapsuli nne za rangi mbili kwenye kemisti ya jirani, kwa sababu pesa zilizokuwepo zilitosha hizo nne tu. Homa ikapungua, kisha ikarudi. Sasa jirani ameleta kichupa cha mafuta ya karafuu pamoja na habari aliyoisikia mahali: kwamba wataalamu wamegundua mafuta ya mimea yakichanganywa na dawa ya hospitali, dawa iliyochoka hupata nguvu upya. "Mtilie matone machache kwenye chai," anasema, "halafu umpe ile kapsuli iliyobaki."

Mama huyo hakupewa jina kwa sababu yeye ni akina mama wengi. Swali alilo nalo usiku huo ni la haki, na linastahili jibu la wazi. Habari aliyoisikia jirani ina ukweli ndani yake. Ushauri alioutoa unaweza kumdhuru mtoto. Mazungumzo haya yanaeleza jinsi mambo hayo mawili yanavyoweza kuwa kweli kwa wakati mmoja, na kile ambacho mzazi anaweza kufanya kukicha.

Dawa huchokaje?

Kwanza ieleweke kwamba dawa yenyewe haichoki, na mwili wa mgonjwa hauizoei. Wanaobadilika ni bakteria, yaani vile viini vidogo visivyoonekana kwa macho. Katika kundi kubwa la bakteria huwa wamo wachache wenye kinga fulani dhidi ya dawa. Mgonjwa akimeza dawa, wale dhaifu hufa kwanza. Akiacha mapema, au akimeza kidogo kuliko inavyotakiwa, wale wenye kinga hubaki, huzaana na kujaza nafasi ya waliokufa. Bakteria wanaweza hata kupeana kinga hiyo, mmoja kwa mwingine, kama majirani wanavyoazimana ufunguo. Kwa hiyo kiini kilichojifunza ujanja ndani ya mwili wa mtu mmoja kinaweza kusababisha ugonjwa mgumu kutibika kwa mtu mwingine ambaye hajawahi kutumia dawa hiyo.

Bakteria hutumia mbinu chache zinazojulikana. Wengine hutengeneza kimeng'enya kinachokatakata dawa kabla haijafanya kazi. Wengine wana pampu ndogo kwenye ukuta wao, ambazo huitapika dawa nje mara tu inapoingia. Wengine hubadilisha umbo la ile sehemu ambayo dawa ililengwa ishikilie. Na wengine hukaa pamoja ndani ya utelezi mzito ambao dawa hupenya kwa shida, kama ule utando unaoteleza ndani ya mtungi wa maji usiosuguliwa kwa muda mrefu.

Jambo hili si geni. Alexander Fleming aligundua penisilini mwaka wa 1928. Alipopokea tuzo ya Nobel mwaka wa 1945 alionya kwamba mtu akitumia dawa hiyo kidogo kidogo, atawafundisha viini kuishinda. Miaka 80 baadaye, onyo lake limetimia. Makadirio ya kimataifa yaliyochapishwa mwaka wa 2022 yalionyesha kwamba mwaka wa 2019 watu milioni 1.27 duniani walikufa moja kwa moja kwa sababu ya bakteria sugu, na vifo milioni 4.95 vilihusishwa nao. Kwa Kenya, makadirio ya mwaka huo huo ni vifo 8,500 vya moja kwa moja na 37,300 vinavyohusishwa.

Kwa nini Kibera, kwa nini Kawangware?

Mtaa wa Kibera umesaidia dunia kuuelewa ugonjwa wa homa ya matumbo, yaani taifodi. Kwa miaka mingi Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu ya Kenya, KEMRI, pamoja na washirika wake, imefuatilia afya ya familia za Gatwekera na Soweto kwa kuzitembelea nyumbani na kuwatibu wagonjwa katika kliniki ya karibu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 2012 yalilinganisha Kibera na eneo la mashambani la Lwak, kaunti ya Siaya. Kule Lwak, taifodi iliyothibitishwa kwa maabara ilipatikana kwa watu 29 katika kila 100,000 kwa mwaka. Kibera ilikuwa 247. Watafiti walipozingatia wagonjwa ambao hawakufika kupimwa, walikadiria kwamba miongoni mwa watoto wa Kibera wa miaka 2 hadi 4 idadi ilifika 2,243 kwa kila 100,000, yaani zaidi ya watoto wawili kati ya kila mia moja, kila mwaka.

Jambo la pili lilikuwa zito zaidi. Sehemu kubwa ya viini vya taifodi vilivyopimwa Nairobi katika miaka hiyo vilikuwa sugu kwa dawa tatu za zamani kwa pamoja: ampisilini, kloramfenikoli na kotrimoksazoli, ile ambayo wengi huiita Septrin. Uchunguzi wa vinasaba ulionyesha kwamba viini hivyo ni vya ukoo mmoja, unaoitwa H58, ambao pia umeenea Asia. Kiini hakina pasipoti. Kimesafiri kutoka bara hadi bara, na kinaweza kuvuka kutoka Laini Saba hadi Kawangware ndani ya mtungi mmoja wa maji.

Sababu si siri kwa mkazi yeyote. Nyumba zimebanana. Choo kimoja hutumiwa na familia nyingi. Mabomba ya maji hupita ndani ya mitaro ya majitaka, na yakipasuka uchafu huingia. Chakula huuzwa kando ya njia penye vumbi na inzi. Mahali ambapo watu huugua mara nyingi, dawa nazo hununuliwa mara nyingi, na pesa zikiwa kidogo hununuliwa nusu nusu. Kwa hiyo kiini sugu hupata vyote viwili hapo: njia ya kusambaa, na dawa kidogo kidogo ya kukifundisha. Haya si makosa ya tabia za maskini. Ni hali ya makazi, na kulitatua tatizo kunaanzia kwenye maji na vyoo kama kunavyoanzia kwenye vidonge.

Mafuta ya mimea ni nini hasa?

Hapa ndipo ile habari ya jirani inapoingia. Mafuta yanayozungumziwa si yale ya kukaangia. Ni mafuta mepesi yenye harufu kali, yale yanayofanya karafuu inukie karafuu na mchaichai unukie mchaichai. Mmea huyatengeneza ili kujikinga na wadudu, ukungu na bakteria. Mtu huyapata kwa kuchemsha maji, kupitisha mvuke katikati ya majani, maua au magome, kisha kuupoza. Mvuke hugeuka maji, na mafuta huelea juu.

Kazi hii inafahamika vizuri Afrika Mashariki. Kule Wawi, karibu na Chake Chake kisiwani Pemba, kuna kiwanda cha kukamua mafuta ya mkarafuu, kinachotumia makonyo na majani yaliyokuwa yakitupwa. Huku kwetu Kenya, wakulima wa kundi la Muliru kando ya msitu wa Kakamega hulima aina ya mrehani wenye harufu ya kafuri, huukamua mafuta, na hayo hutengenezwa dawa ya kuchua iitwayo Naturub. Walianza kwa msaada wa kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe kilichoko Kasarani hapa Nairobi, na mwaka wa 2010 kundi hilo lilipata tuzo ya kimataifa ya Equator. Katika Chuo Kikuu cha Egerton, wanakemia wamechunguza mafuta ya mrehani wa mwituni kutoka sehemu mbalimbali za Kenya na kuyajaribu dhidi ya bakteria. Walibaini kwamba mmea wa aina moja, ukitoka maeneo tofauti, hutoa mafuta yenye kemikali tofauti na nguvu tofauti. Jambo hilo likumbukwe, kwa sababu litarudi.

Mafuta haya huua bakteria kwa njia gani? Kemikali zake hupenda mafuta kuliko maji, na ngozi ya bakteria ina mafuta ndani yake. Huingia katika ngozi hiyo na kuilegeza hadi ikavuja. Baadhi ya kemikali hizo huzuia zile pampu zinazotapika dawa. Nyingine hulegeza ule utelezi ambao bakteria hujificha ndani yake. Sasa ni rahisi kuona kwa nini watafiti walifikiria kuyaunganisha na dawa za hospitali. Ikiwa mafuta yanatoboa ukuta na kuziba pampu, basi dawa iliyokuwa ikifukuzwa mlangoni inaweza kuingia na kufanya kazi yake.

Bao la maabara

Ili kujua kama wazo hilo ni kweli, maabara hutumia kisahani cha plastiki chenye vishimo vingi vilivyopangwa kama bao la drafti. Kila kishimo huwekwa bakteria. Kwenda upande mmoja dawa huongezwa polepole, na kwenda upande mwingine mafuta huongezwa polepole. Kwa njia hiyo kila kishimo kinakuwa na mchanganyiko wake. Baada ya usiku mmoja, mtaalamu huangalia ni vishimo vipi bakteria wameota na vipi wamekufa.

Kisha hupiga hesabu. Ikiwa dawa na mafuta vikiwa pamoja vinahitajika kidogo sana kuliko kila kimoja kikiwa peke yake, na jumla ya hesabu ikawa 0.5 au chini yake, husemwa kwamba vinasaidiana. Jumla ikiwa juu ya 4, vinapingana. Katikati ya hapo, kila kimoja kinafanya kazi yake bila kumsaidia mwenzake kwa kiasi kikubwa.

Majaribio ya namna hii yamefanywa katika nchi nyingi kwa mafuta ya karafuu, mdalasini, mchaichai, mkaratusi na mengineyo. Yapo mengi yaliyoonyesha kusaidiana, hata dhidi ya bakteria ambao dawa ikiwa peke yake ilikuwa imeshindwa nao. Huo ndio ukweli ulio ndani ya maneno ya jirani. Lakini yapo pia yaliyoonyesha kupingana, yaani mafuta yalipunguza nguvu ya dawa. Mafuta yale yale yanaweza kuisaidia dawa moja na kuiharibu nyingine. Mtu aliyeko nyumbani na kichupa mkononi hana njia yoyote ya kujua kipi kati ya hivyo viwili kitatokea.

Kuunganisha dawa si jambo la ajabu

Wazo la kuunganisha si geni hospitalini. Mgonjwa wa kifua kikuu huanza matibabu kwa dawa nne kwa pamoja, kwa sababu kiini kinachoikwepa moja kitakutana na nyingine. Amoksilini huunganishwa na asidi ya klavulaniki. Asidi hiyo kwa yenyewe ni dhaifu sana kama dawa, lakini hukizuia kile kimeng'enya kinachokatakata amoksilini. Ni mfano kamili wa kile ambacho watafiti wa mafuta ya mimea wanakitafuta: mwenza anayefungua mlango.

Upo pia mfano wa mmea. Dawa ya malaria ambayo Wakenya wengi huijua kwa jina la AL ina kemikali iliyotokana na mmea wa Artemisia, uliotumika China kwa karne nyingi. Tu Youyou, mwanasayansi aliyeitoa kemikali hiyo, alipata tuzo ya Nobel mwaka wa 2015. Hata hivyo, hakuna anayepewa majani ya mmea huo akienda zahanati. Kemikali ilitolewa, ikapimwa, ikajaribiwa kwa wanyama kisha kwa watu, ikaunganishwa na dawa ya pili ili malaria isiizoee, na ikawekwa kwenye tembe yenye kipimo kinacholingana na uzito wa mgonjwa. Shirika la Afya Duniani halipendekezi chai ya majani hayo kutibu malaria, kwa sababu kiasi cha dawa ndani ya kikombe hakijulikani, na kiasi kidogo hufundisha kiini. Mmea haukudharauliwa katika safari hiyo. Uliheshimiwa kwa kupimwa.

Mafuta ya mimea yako mwanzoni mwa safari hiyo. Yapo yaliyokwisha kupiga hatua. Madaktari wa meno hutumia kemikali ya karafuu iitwayo eujenoli, wakiichanganya na unga wa zinki, kuziba jino kwa muda. Nchini Uingereza, utafiti uliochapishwa mwaka wa 2004 ulihusisha wagonjwa 224 waliokuwa na bakteria sugu aitwaye MRSA kwenye ngozi au puani. Nusu walipakwa krimu na sabuni ya mafuta ya mti wa chai wa Australia, na nusu wakapewa matibabu ya kawaida. Kwa jumla, asilimia 41 ya kundi la mafuta walisafika, dhidi ya asilimia 49 ya kundi la kawaida. Puani, dawa ya kawaida ilishinda kwa mbali, asilimia 78 kwa 47. Kwenye ngozi, mafuta yalifanya vizuri kuliko dawa ya kawaida ya kuoshea. Hayo ni matokeo ya kutia moyo, na ni ya juu ya ngozi. Taifodi iko ndani ya damu.

Kwa nini mchanganyiko usifanyiwe nyumbani

Sababu ya kwanza ni kipimo. Ndani ya maabara, dawa za hospitali huua bakteria kwa mikrogramu chache katika kila mililita, na mikrogramu ni sehemu moja ya elfu ya miligramu. Mafuta ya mimea mara nyingi huhitaji kiasi kikubwa zaidi, mara mia au hata mara elfu. Kukifikisha kiasi hicho ndani ya damu ya mtoto ni kumtilia sumu, na hata kabla hakijafika, ini huwa linayavunja mafuta hayo na kuyaondoa. Kinachofanikiwa kwenye kisahani cha plastiki si lazima kifanikiwe ndani ya mtu.

Sababu ya pili ni sumu yenyewe. Kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya mkaratusi kinaweza kumfanya mtoto mdogo alegee, apoteze fahamu au apate degedege. Mafuta ya karafuu yakinywewa na mtoto yamewahi kuharibu ini. Yakipakwa bila kuzimuliwa huchoma ngozi. Mafuta makali yenye kafuri au mentholi hayapakwi puani mwa mtoto aliye chini ya miaka miwili, kwani yanaweza kumbana pumzi. Ikitokea mtoto amekunywa mafuta hayo, asitapishwe, kwa sababu mafuta yanaweza kuingia mapafuni. Apelekwe hospitali mara moja, na kichupa kiende naye.

Sababu ya tatu ni kwamba kichupa hakisemi kilicho ndani. Kama mrehani wa sehemu moja ya Kenya si sawa na wa sehemu nyingine, basi vichupa viwili vya sokoni vyenye karatasi ya jina moja vinaweza kuwa vitu viwili tofauti. Vingine vimeongezwa mafuta ya kupikia ili vijae.

Sababu ya nne ndiyo inayoua kimya kimya: kupoteza siku. Taifodi isiyotibiwa inaweza kutoboa utumbo wiki kadhaa baada ya homa kuanza. Kila siku inayotumika kujaribu mchanganyiko ni siku ambayo ugonjwa unaendelea na kazi.

Hakuna hapa neno la kuwadharau wauza miti shamba wa Toi au wa Kawangware. Chai ya mchaichai au tangawizi kwa mtu mwenye mafua ni kinywaji chema, na ni kitu tofauti kabisa na mafuta yaliyokamuliwa, ambayo kichupa kimoja hubeba nguvu ya majani mengi. Muuzaji mwenye hekima ni yule anayemwambia mteja mwenye homa ya siku tatu aende kupimwa. Na mgonjwa anayetumia miti shamba amwambie mhudumu wa afya bila aibu, hasa akiwa anatumia dawa za kifua kikuu, kisukari, shinikizo la damu au ARV, kwa sababu baadhi ya mimea hubadilisha jinsi dawa hizo zinavyofanya kazi.

Kinachoweza kufanywa leo

Mtoto au mtu mzima mwenye homa kwa siku tatu apelekwe kituo cha afya. Mkazi wa Kibera ana kituo cha Kibera South, wa Kawangware ana Riruta, na wote wana hospitali ya Mbagathi kwa wagonjwa waliozidiwa. Aliyejisajili na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, hupata huduma za msingi katika zahanati na vituo vya afya vya umma bila kulipa. Asiyejisajili amwone mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa wake, amsaidie kujisajili kabla ugonjwa haujaingia.

Mzazi akiambiwa ni taifodi, ana haki ya kuuliza imejulikanaje. Kile kipimo cha damu cha haraka kiitwacho Widal hukosea mara nyingi, na huwaambia watu wengi kwamba wana taifodi ilhali hawana. Kipimo cha uhakika ni cha kuotesha viini vya damu katika maabara, na hicho huonyesha pia ni dawa gani bado inakiua kiini hicho. Hakipatikani kila mahali, na huchukua siku kadhaa, lakini ugonjwa usiposikia dawa ya kwanza ndicho cha kuuliziwa.

Dawa za kuua bakteria hazitibu mafua wala kikohozi cha kawaida, ambavyo husababishwa na virusi. Kwa sheria, dawa hizo hutolewa kwa agizo la mhudumu wa afya aliyeidhinishwa. Mwenye kemisti anayekataa kuuza kapsuli nne hamnyimi mteja, anamlinda. Na mgonjwa ambaye pesa zake hazitoshi dozi nzima aseme hivyo wazi hapo zahanati, kwa sababu mara nyingi ipo dawa nyingine ya bei nafuu inayofanya kazi ile ile. Dozi itumiwe kama ilivyoagizwa, isigawiwe ndugu, na isiwekwe kabatini kungoja homa nyingine.

Wafugaji wa kuku, nguruwe na mbuzi mitaani nao wanahusika. Dawa za mifugo ni jamaa wa dawa za watu. Zitumiwe kwa ushauri wa daktari wa mifugo, na maziwa, mayai au nyama visiuzwe kabla ya siku zilizoandikwa kwenye dawa kwisha.

Ipo pia njia ya kutohitaji dawa kabisa. Mwezi wa Julai 2025 Kenya ilianza kutoa chanjo ya taifodi katika kampeni ya kitaifa kwa watoto wa miezi 9 hadi miaka 14. Mzazi ambaye mtoto wake hakuipata aulize kituo cha afya kilicho karibu, akiwa na kijitabu cha kliniki. Mtoto asiyeugua taifodi hahitaji kapsuli, na kiini hakipati mwili wa kujifunzia. Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa ya klorini, mtungi ufunikwe na usuguliwe, mikono inawe kwa sabuni baada ya choo na kabla ya kupika. Mkazi anayeona bomba limepasuka ndani ya mtaro alipeleke jambo hilo kwa msimamizi wa wadi, na asichoke kurudi kuuliza.

Mwisho, na rudi kwa yule mama

Siku moja huenda mhudumu wa Riruta akatoa tembe ambayo ndani yake iko dawa ya zamani na kemikali ya karafuu ya Pemba au mrehani wa Kakamega, vimepimwa na kuunganishwa ili kuwashinda viini sugu. Wanasayansi wa Afrika Mashariki wana mimea hiyo mlangoni, na wana sababu ya kufanya kazi hiyo kuliko mtu mwingine yeyote, kwa kuwa wagonjwa ni watu wao. Siku hiyo haijafika.

Usiku huu, mama wa Gatwekera anaweza kumshukuru jirani yake kwa kuja, kwa sababu jirani anayebisha hodi saa tano usiku ni hazina. Kichupa akiweke juu mtoto asikofika. Mtoto apewe maji safi kidogo kidogo, avuliwe nguo nzito, apanguswe kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu. Akianza degedege, akishindwa kunywa, akitapika kila kitu, akipumua kwa shida au akilegea asiamke vizuri, kusisubiriwe asubuhi. Apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, na jirani awasindikize. Ikiwa hana dalili hizo, basi kukicha wawe wa kwanza kwenye foleni, na ile karatasi ya kapsuli waibebe ili mhudumu ajue mtoto amekwisha kupewa nini.

Mfikishieni jirani.